Mikeka ya Bibi Jirani



Nilipokusudia kufungua mgahawa hapa Kilindoni, Mafia, nilikuwa na fedha za upatu, mkopo mdogo wa kikundi, na picha moja niliyoikata kwenye kalenda. Ilikuwa picha ya hoteli ya ufukweni ambayo ukuta wake wote umebandikwa matumbawe na makombe. Niliihifadhi ndani ya Biblia yangu. Kila nilipoifungua kusoma, niliiona ile picha kwanza. Leo jambo hilo linanichekesha, na linanitia haya pia.

Baba watoto alitaka bati, viti vya plastiki na rangi ya mafuta, basi. Alisema watu huja kula, hawaji kutazama kuta. Mimi nilimjibu kwamba wageni wanaokuja kutazama papa potwe, hasa kati ya Oktoba na Machi, hawakusafiri mbali hivyo ili wakalie plastiki. Tuligombana, nisiwafiche. Tulilala siku mbili bila kuongea, nami nikiwa mwimbaji wa kwaya.

Mwishowe nilinunua viroba vitatu vya matumbawe kwa kijana mmoja. Sikumwuliza ameyatoa wapi. Siku ya pili yalianza kunuka kama samaki aliyeoza, nzi wakajaa uani. Ndipo jirani yangu, bibi mmoja mzaliwa wa Jibondo, akaja kuona kuna nini. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitikia marahaba, akainama, akageuza kipande kimoja mkononi.

"Mwanangu, umenunua nyumba za watu."

"Nyumba za nani, bibi?"

"Za changu na tasi unaotaka kuwakaanga."

Kumbe yale niliyodhani ni mawe yalikuwa hai, na ile harufu ilikuwa ya wadudu wake waliokufa. Tumbawe lile kubwa la mviringo huongezeka kama sentimita 1 tu kwa mwaka, kwa hiyo kipande cha ukubwa wa sufuria kinaweza kuwa na umri kupita wangu. Bahari yetu ilikwisha kuumia tangu mwaka 1998, maji yalipopata joto kali na matumbawe mengi ya Mafia yakapauka na kufa. Na tuna Hifadhi ya Bahari, ya kwanza kabisa Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1995. Nilikuwa nikilipita bango lake kila nikienda Utende! Fedha ilikwenda bure, na matumbawe hayakuweza kurudishwa yakaishi. Baba watoto hakunikaripia. Alichukua koleo akachimba shimo, nami nikaona afadhali angenikaripia.

Tukaanza upya kwa vitu ambavyo kisiwa kinavitoa bila kuumia. Paa tuliezeka makuti ya viungo, yale yanayoshonwa kwenye fito, kwa kuwa Mafia minazi haikosekani na kuti kavu huanguka lenyewe. Fundi alitushauri kuyabana sana na kuuinua mwinamo, ili maji ya masika yateremke upesi. Makuti huoza kidogo kidogo, hilo ni lazima ulijue kabla, lakini chini yake kuna ubaridi ambao bati haliwezi kukupa saa saba mchana. Jiko tu ndilo nililoliezeka bati, likiwa mbali na ukumbi, maana cheche na makuti haviketi nyumba moja.

Upande wa kusini tuliuziba kwa makumba yaliyosukwa, kwa sababu kusi likianza kuvuma mchanga huingia hadi kwenye mchuzi. Upande wa kaskazini tuliuacha wazi. Saruji tulitia sakafuni tu. Kila mfuko umevuka bahari, na bei yake inakukumbusha hivyo. Mabenchi yalitoka kwenye mbao za mashua chakavu. Mafundi wa Jibondo ni waunda vyombo hodari, na ubao uliokwisha kuota chumvi miaka mingi hausumbuliwi na mvua ya kupepea. Tundu za misumari ya zamani bado zinaonekana, na watoto huingiza vidole humo wakingoja chakula.

Taa nilizifunika kwa kawa, zile za kufunikia chakula, nikatumia balbu zisizopata moto. Mezani, hata hivyo, baba watoto alishinda: plastiki ya kufutika. Mkeka ukimwagikiwa mchuzi wa papa haunusuriki.

Mikeka ya ukutani nilimwagiza yule bibi, mikeka sita. Alisema kila mmoja shilingi 25,000. Nikavuta chini, kama tufanyavyo sokoni, hadi 15,000. Nikarudi nyumbani nikijisifu.

Halafu mwanangu wa mwisho akaugua, nikawa nashinda nyumbani, na nikikaa mlangoni namwona bibi barazani kwake. Nilimwona akianika ukindu, akichana, akichemsha na rangi, kisha akisuka ukili, upana wa vidole vichache, siku hata siku. Ukili ulipokuwa mrefu wa kutosha ndipo akaanza kuushona. Mkeka mmoja ulichukua siku kumi na nne, na macho yake hayaoni vizuri. Mimi kwa siku kumi na nne nauza chai na maandazi ya fedha nyingi kuliko hiyo. Siku ile mama mchungaji alipokuja kumwombea mtoto, nilisema amina, lakini moyo ulikuwa barazani kwa jirani.

Jioni nilifunga shilingi 60,000 kwenye pindo la kanga, nikavuka. Nikamweleza, nikamwomba radhi. Hakusema neno. Alizihesabu polepole, moja moja, akaweka 50,000 chini ya mto, zilizobaki akanirudishia.

"Ule wenye wekundu hakuusuka mimi," akasema. "Kausuka mkwe wangu. Huyo nenda ukamwambie mwenyewe."