Asilimia 1.8

Ukiambia mtu wa Nairobi kwamba sakafu inaweza kuwashwa kama jiko, atakuuliza kama chapati mnapikia chini. Lakini hapa Leipzig, Ujerumani, ninakosomea ufundi wa vigae, nyumba nyingi mpya hupata joto kutoka sakafuni. Mabomba membamba ya plastiki huzungushwa kama gamba la konokono, yakafunikwa kwa skridi ya saruji, na maji moto hupita ndani yake msimu wote wa baridi. Nje kuna theluji, ndani unatembea bila viatu.

Sisi wa vigae huja karibu mwisho. Na sehemu kubwa ya maandalizi yetu ni kungoja.

Skridi ya saruji ikishamwagwa, hukaa siku 21 bila kuguswa na joto. Kisha fundi wa mabomba anawasha mfumo polepole: maji ya nyuzi 25 kwa siku tatu, halafu anapandisha hadi kiwango cha juu cha mfumo huo na kukishikilia siku nne. Kila siku anaandika tarehe na nyuzi kwenye karatasi, mwishowe anatia sahihi. Mara nyingi unyevu bado umo, kwa hivyo joto linaendelea. Skridi husinyaa inapokauka. Vigae havisinyai. Ukivibandika mapema, vitu viwili vilivyoshikana vitavutana hadi kimoja kiachilie.

Utajuaje imekauka? Macho hayatoshi, kwa sababu juu hukauka mbele ya chini. Tunachimba kwa nyundo na patasi, mahali palipowekwa alama ili tusitoboe bomba. Tunaponda vipande, tunapima gramu 50, tunavitia kwenye chupa ya chuma pamoja na gololi za chuma na kijichupa cha kioo chenye kabaidi. Ndiyo, kabaidi ile ile ambayo wachuuzi wengine huivishia ndizi na maembe. Unatikisa, kioo kinavunjika, kabaidi inakutana na maji, gesi inatoka na mshale wa geji unapanda. Kwa skridi ya saruji yenye mabomba ya joto, mshale ukipita asilimia 1.8, hatubandiki kitu. Nilicheka mara ya kwanza. Nyumbani kabaidi ni ya kuharakisha, huku ni ya kukataza haraka.

Halafu nikamkumbuka mjomba wangu, na kicheko kikaisha.

Mjomba amebandika vigae Kayole na Umoja tangu nikiwa shule ya msingi. Akigonga kigae kwa kidole anasikia kama chini kuna uwazi. Kuna landilodi aliyemwagisha sakafu wiki moja na kutaka vigae wiki iliyofuata, maana wapangaji walikuwa wanaingia mwisho wa mwezi. Mjomba akamwambia, "Mzee, hii bado." Akajibiwa kwamba mafundi wamejaa barabarani. Akabandika. Baada ya miezi michache vigae vya sebuleni vikainuka kama hema, na salio lake hajalipwa hadi leo. Ujuzi alikuwa nao. Hakuwa na kitu cha kuweka mezani.

Novemba iliyopita mteja wetu alitaka kuhamia kabla ya Krismasi. Mshale ulisimama 2.4. Akaniangalia mimi, kijana mweusi mwenye chupa mkononi, kisha akamuuliza bosi kama nimesoma vizuri. Bosi hakubishana. Alimpa nafasi asome geji mwenyewe. Namba haina lafudhi. Mteja alinuna, joto likaendelea, Krismasi ikapita.

Januari tulipata 1.7. Ndipo tukapunguza joto, tukafagia vumbi lote, tukapaka praima, tukabandika kwa gundi inayonyumbuka kidogo. Pale skridi ilipoachiwa nafasi ya kutanuka, na vigae viliachiwa nafasi pale pale. Povu la pembeni mwa ukuta tulilikata mwisho kabisa, grauti ikishaingia.

Nilimsimulia mjomba kwa simu.

"Hiyo chupa ni pesa ngapi?"

"Mjomba, ni mamia ya yuro."

Akanyamaza kidogo. "Na ile karatasi?"

"Karatasi ni karatasi tu."

Siku hizi anatembea na daftari la kurasa 96. Anaandika siku sakafu ilipomwagwa na siku aliyoambiwa abandike, na mwenye nyumba anatia sahihi chini yake. Wengine wakiona tarehe hizo mbili zimekaribiana hivyo, wanaongeza wiki wenyewe. Mwezi jana mmoja alikataa kutia sahihi. Mjomba akafunga daftari, akabeba ndoo na mwiko wake, akaenda kutafuta mjengo mwingine.