Kabla ya Kusema "Fumua": Tuliyojifunza katika Somo la Kufuma Huko Nangwa

Mwalimu wa kazi za mikono aghalabu huulizwa maswali mawili. La kwanza ni: "Tutapata wapi vifaa?" La pili, ambalo huulizwa kwa sauti ya chini zaidi, ni: "Tutapata wapi mawazo?" Swali la vifaa hupatiwa jibu upesi, kwa kuwa mahitaji humfundisha mtu kutafuta. Swali la mawazo ndilo linalowashinda wengi wetu. Tunapokosa kitabu chenye michoro ya nakshi, tunadhani kuwa somo limekwisha. Na tunapokipata kitabu hicho, tunawafungia watoto wote ndani yake. Katika makala haya twataka kueleza kosa tulilolifanya sisi wenyewe tulipokuwa tukifundisha kufuma huko Nangwa, wilayani Hanang, ili walimu wanafunzi wanaojiandaa kwa mazoezi ya kufundisha wapate kujihadhari nalo.

Nangwa iko katika nchi ya Mlima Hanang, ambao kilele chake kina kimo cha meta 3,417. Mwezi wa Juni na Julai baridi ya huko si ya mchezo. Watoto hufika shuleni asubuhi mikono ikiwa imefichwa kwapani, na mwalimu huona mara moja kwamba kufuma si somo la kupamba ratiba bali ni jambo la mwili na afya. Kwa hiyo, shule ilipofunguliwa baada ya likizo katika Julai 2011, tuliingiza kufuma katika azimio la kazi la darasa la tano, chini ya somo la Stadi za Kazi lililokuwamo katika mtaala wa shule za msingi wakati huo. Wavulana walinung'unika kidogo kwamba hiyo ni kazi ya dada zao. Manung'uniko hayo yalikwisha siku mmoja wao alipokuja amevaa kofia aliyoifuma mwenyewe.

Juu ya vifaa hatutasema mengi. Uzi tuliupata kwa kununua masweta makuukuu ya mitumba mnadani Katesh, tukayafumua, tukauzungusha uzi kwenye kiti, tukauosha na kuuning'iniza ukiwa na jiwe dogo ili unyooke. Watoto wengi walizoea kufumia spoku za baiskeli zilizonolewa juu ya jiwe. Spoku ni nyembamba mno kwa uzi mnene, na kazi yake hukaza kama ubao. Kwa hiyo tulichonga vijiti vya mti vyenye unene wa kama milimita 4, tukavisugua kwa msasa mpaka vikateleza. Kwa vijiti hivyo na uzi wetu, sentimeta 10 za upana zilichukua vitanzi 20, na sentimeta 10 za kimo zilichukua mistari 28. Twamwomba msomaji azishike tarakimu hizi mbili, kwa kuwa kisa chote kimo ndani yake.

Tulikuwa na kitabu kimoja cha nakshi kutoka Ulaya. Tulichora ubaoni nakshi moja ya kitabu hicho, mraba mmoja kwa kila kitanzi, tukawaagiza watoto waifume katika skafu. Binti mmoja hakuifuma. Alileta nakshi yake mwenyewe, aliyoichora katika daftari lake la hesabu: mlima mmoja wenye ngazi pande zote mbili, upana wake miraba 20 na kimo chake miraba 20. Tulimruhusu, ingawa shingo upande. Siku ya kusahihisha tuliiweka skafu juu ya meza, tukahesabu. Vitanzi vilikuwa 20 kama mchoro ulivyotaka, lakini mistari ilikuwa 28. Minane imezidi! Tukamwambia mbele ya wenzake kwamba hakuwa mwangalifu, na kwamba mtu asiyeweza kuhesabu hadi ishirini hawezi kufuma. Kisha tukatamka lile neno ambalo mwalimu wa kufuma hulitamka kwa wepesi kupita kiasi: "Fumua."

Alifumua pale pale. Uzi ule ulikuwa umekwisha kufumuliwa mara moja kutoka katika sweta kuukuu, na haukustahimili mara ya pili. Ulikatika mahali patatu au panne. Binti yule aliufunga mafundo bila kusema neno. Katika vipindi vitatu vilivyofuata alikuja darasani na uzi wake, akaketi, asifume.

Ni ukimya huo uliotupeleka nyumbani kwao. Alikuwa akiishi na bibi yake. Tulimwamkia bibi, tukakaribishwa uji, na baada ya mazungumzo ya mvua na mahindi tukaeleza kilichotuleta. Bibi alisikiliza, akasema na mjukuu wake kwa Kiiraqw, kisha akaingia ndani na kutoka na vazi la ngozi lililotiwa shanga, la namna waliyoivaa wanawake wa Kiiraqw zamani. Alilitandaza juu ya mapaja yake. Palikuwa na safu za ngazi zinazopanda na kushuka, nyeupe na nyekundu, zilizopangwa kwa hesabu isiyokosea hata shanga moja. Ndizo zilizokuwa katika daftari la hesabu.

"Alinionyesha alichofuma," bibi akasema. "Nikamwambia mlima wake umelala. Shanga hizi zimelingana upana na kimo. Uzi wenu haulingani."

Tulimgeukia binti. "Wewe ulifanyaje?"

"Katika kila mistari mitano ya mchoro, miwili niliifuma mara mbili, mwalimu. Ili mlima usilale."

Msomaji na apige hesabu ambayo sisi hatukuipiga. Kitanzi cha kufuma ni kipana kuliko kimo chake. Mchoro wa miraba 20 kwa 20, ukifumwa kama ulivyo kwa kipimo chetu, hutoa nakshi yenye upana wa sentimeta 10 na kimo cha sentimeta 7 tu. Mraba wageuka kuwa mstatili, na mlima wageuka kuwa kichuguu. Ili mraba ubaki mraba, yapasa mistari 20 iwe 28. Mistari 20 ina mafungu manne ya mitano. Ukirudia mistari miwili katika kila fungu umeongeza minane. Mtoto wa darasa la tano alikuwa amegundua uwiano wa tano kwa saba kwa macho ya bibi yake na vidole vyake mwenyewe, nasi tulimwambia kwamba hawezi kuhesabu.

"Kwa nini hukutueleza?" tukamwuliza.

"Mwalimu hakuniuliza."

Hatukuwa na la kujibu. Katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea wa Machi 1967, Mwalimu Nyerere alikwisha kuonya juu ya elimu inayomfundisha mtoto kuamini kuwa maarifa yote ya maana hutoka vitabuni au kwa wasomi, na kuidharau hekima ya wazee wake. Tuliusoma waraka huo chuoni, tukaufanyia mtihani, tukafaulu. Kumbe tuliufaulu kwenye karatasi tu.

Juma lililofuata tulimwomba radhi binti yule mbele ya darasa lile lile lililosikia tukimkaripia. Walimu wengine waliona kwamba tumejishushia heshima. Sisi hatukuona hivyo, kwani kosa lililotendwa hadharani halirekebishwi faraghani. Kisha tulimpa chaki, akaeleza ubaoni kwa nini mlima hulala na namna ya kuusimamisha. Kipindi hicho cha kufuma kiligeuka kuwa kipindi cha hesabu, wala hatukumbuki kipindi kingine cha uwiano kilichoeleweka upesi namna ile.

Tangu hapo tulibadili njia yetu ya kufundisha. Twaieleza hapa kwa ufupi.

Kwanza, kabla ya kuchora chochote ubaoni, tuliwaagiza watoto watafute nakshi nyumbani kwao na kuinakili katika daftari lenye miraba. Walileta michoro ya vibuyu, ya vikapu na mikeka, ya matuta ya shamba yanavyoonekana kutoka mlimani. Wengi walileta kanga za mama zao. Kanga ni mwalimu mwema wa mpangilio: ina pindo linaloizunguka, ina mji katikati, na ina jina. Mtoto akiisha kuona kwamba pindo hurudiarudia lakini mji husimama peke yake, amekwisha kujua namna ya kupanga sweta.

Pili, kila mtoto alifuma kwanza kipande cha majaribio, akakipima kwa rula, akaandika vitanzi na mistari iliyomo katika sentimeta 10. Kipande hicho ndicho kiongozi wake. Kitabu hakiwezi kuujua uzi wa mitumba wala mkono wa mtoto. Kipande chake chajua vyote viwili.

Tatu, tuliweka kanuni chache tu za mikono. Mstari mmoja usiwe na rangi zaidi ya mbili. Ndivyo wafumavyo hata katika Visiwa vya Shetland, kaskazini ya Uingereza, ambavyo nakshi zake zimesifiwa duniani kote. Uzi usiotumika hupitishwa nyuma ya kazi bila kuvutwa, na usirukishwe zaidi ya vitanzi vitano, la sivyo vidole vitanasa wakati wa kuvaa.

Nne, kwa sweta tulitumia njia ya asilimia iliyoenezwa na Elizabeth Zimmermann, mfumaji aliyezaliwa Uingereza na kuishi Marekani, ambaye kitabu chake, Knitting Without Tears, kilitoka mwaka wa 1971. Mzunguko wa kifua huhesabiwa kuwa 100. Ncha ya mkono huwa kama 20, na sehemu ya juu ya mkono kama 33. Sweta la mtoto lenye mzunguko wa sentimeta 70 kwa kipimo chetu huhitaji vitanzi 140. Basi ncha ya mkono ni vitanzi 28, na mkono kwa juu ni kama 46. Njia hii haimwambii mtoto afume nini. Yamwambia tu kwamba atakachokibuni kitamtosha mwilini, na huo ndio uongozi tunaoupendekeza.

Wala asidhani mtu kwamba twakataa vitabu au mambo ya ng'ambo. Miongoni mwa vipande vya kale kabisa vya kufuma vinavyojulikana ni soksi za pamba zilizopatikana Misri, ambazo ni za karne nyingi kabla ya masweta ya Shetland kupata jina. Kufuma, basi, si ugeni barani Afrika. Tunachosema ni kwamba kitabu kije baada ya nyumbani, kije kujibu swali ambalo mtoto amekwisha kuliuliza.

Binti yule alimaliza skafu yake mwezi wa Septemba, baridi ikiwa imekwisha. Mlima ulisimama. Upande wa nyuma mafundo ya uzi ule uliokatika yalionekana, nasi kila alipoivaa tuliyaona, ingawa yeye hakuyataja tena.

Ndugu zetu walimu wanafunzi, mtakapokwenda katika mazoezi yenu mtabeba maandalio ya somo, vielelezo na kalamu nyekundu. Bebeni na swali moja dogo. Mtoto akileta kazi isiyofanana na ya ubaoni, msianze na idadi ya makosa. Mwulizeni: "Umefanyaje hapa, na kwa nini?" Huenda kweli amekosea, na hapo mtamwongoza. Lakini huenda ameona jambo ambalo ninyi hamjaliona, na ambalo mtu fulani nyumbani kwao amelijua tangu kabla hamjazaliwa. Uzi ukifumuliwa unaweza kufungwa fundo. Moyo wa mtoto nao hufungika, ila fundo lake halifunguki kwa urahisi.