Mguu Umetoka, Mpira Je?

Ijumaa jioni hapa Columbus, Ohio, mimi ni mshika mnyororo. Shule ya jirani ilikosa mtu wa kujitolea pembeni mwa uwanja wa futiboli ya Kimarekani, nikatajwa. Kazi yenyewe ni fimbo mbili na mnyororo wa yadi 10 katikati, yaani mita 9 na kidogo. Timu ina majaribio manne ya kuzimaliza yadi hizo. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Kila inchi ina mwenyewe.

Kwetu Ulyankulu, Tanzania, tulicheza soka kwenye kiwanja kilichochorwa kwa majivu ya mabani ya tumbaku. Mvua ikipita, mstari hakuna. Mpaka ni vidole vya miguu vya watazamaji. Winga wetu alizoea kuzunguka nje kabisa, nyuma ya muuza karanga, mpira ukiwa ndani, na hakukosea: soka linautazama mpira. Hadi uvuke mstari wote, chini au hewani, ndipo auti.

Huku mstari wenyewe ni nje. Mwenye mpira akiugusa kwa ncha ya kiatu, kwisha habari yake. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa, maana kinachomtoa ni mguu, lakini kinachopimwa ni ncha ya mbele ya mpira. Mechi yangu ya pili kijana aliruka, akapaa juu ya mstari, akatua yadi mbili mbele. Macho yangu yalibaki alipotua. Mwamuzi wa upande wetu, mzee mpole, akakanyaga nyuma, pale mpira ulipokatiza mstari ungali hewani. Wazazi walimzomea. Mimi ningewaunga mkono, ila nilikuwa kazini.

Mpira uliopigwa teke ukatoka nje ukiwa angani ndio burudani. Mwamuzi wa pembeni anatembea kufuata mstari, mkono juu, hadi mwenzake aliye mbali, aliyeufuata kwa macho, anaposhusha wake: simama hapo! Utadhani mafundi wanapanga nguzo za nyumba.

Ulyankulu, kwenye mpira wa kurusha, sisi tulikuwa tunaiba hatua. Unajifanya humwoni wa kumrushia, kumbe miguu inasogea. Hatua tano ni utundu tu. Kuanzia kumi ugomvi, kwa Kiswahili, Kirundi na Kinyamwezi kwa mpigo, kwani makazi yale yalifunguliwa mwaka 1972 kwa wakimbizi wa Burundi na majirani zao walikuwa wenyeji. Aliyeshinda kwa sauti ndiye aliyerusha.

Juzi nilimsimulia kaka yangu kwa simu kwamba mwaka 2025 ligi kubwa, NFL, ilianza kupima yadi 10 kwa kamera za Hawk-Eye, minyororo ikawa ya akiba. Akanyamaza kidogo.

“Na anayeuweka mpira pale kabla haujapimwa ni nani?”

“Mwamuzi, kaka. Kwa macho.”

Alicheka mpaka salio likakata.