Bujumbura na Gitaa la Skrubu Nne

Mji wa Bujumbura umejilaza katika pembe ya kaskazini-mashariki ya Ziwa Tanganyika. Upande wa magharibi unatazamana na milima ya Kongo, na upande wa mashariki unaegemea milima ya Burundi yenyewe. Msafiri atokaye Kigoma kwa barabara huvuka mpaka Manyovu, akaingia Mugina, kisha akaufuata ukingo wa ziwa kupitia Nyanza-Lac na Rumonge penye michikichi mingi. Kilomita chache kabla ya kuingia mjini, mahali paitwapo Mugere, lipo jiwe kubwa la kuwakumbuka Livingstone na Stanley, waliofika hapo mwaka 1871. Wakati wa utawala wa Wabelgiji mji huu uliitwa Usumbura. Tangu mwaka 2019 makao makuu ya nchi ni Gitega, lakini biashara na bandari kubwa zimebaki hapa ziwani.

Mtu wa Kigoma hajioni mgeni mjini humo. Mgebuka anaouzoea nyumbani ataukuta sahanini ukiitwa mukeke, na dagaa wataitwa ndagala. Akifika mtaa wa Buyenzi, karibu na soko la Ruvumera, atasalimiwa kwa Kiswahili mlango hadi mlango. Barabara za Buyenzi zimepewa namba badala ya majina, na kando yake mafundi hufanya kazi tangu asubuhi: huyu ananyoosha bodi la gari, yule anapuliza rangi, wa tatu ameifumua redio juu ya meza. Katikati ya kelele hizo za nyundo, mara nyingine husikika gitaa.

Mimi nilikwenda huko kwa likizo, nikiwa nimebeba swali moja kutoka nyumbani. Mpwa wangu, kijana wa dada yangu, alikuwa amekusanya fedha za kununulia gitaa la umeme. Sehemu ya fedha hizo ilikuwa ya mama yake, aliyeitoa katika akiba ya kuezekea nyumba. Kijana hakutaka kusikia jina lolote ila Fender. Dada yangu aliniuliza kama jina hilo lina thamani ya mabati yake. Sikuwa na jibu, maana hata wapigaji wa dansi niliowafahamu walilisifu gitaa hilo bila kunieleza sababu.

Buyenzi nilimpata mzee mmoja aliyekuwa mpiga solo katika ujana wake, ambaye sasa hushinda katika kibanda cha fundi redio. Alipojua kwamba nimesomea ualimu, hakuniita tena kwa jina langu.

"Mwalimu," alisema, "gitaa ni kama baiskeli. Ukinunua ile ambayo spea yake haipatikani, umenunua pambo la ukutani."

Kisha akaligeuza gitaa lake kifudifudi, akanionyesha skrubu nne zilizoifunga shingo kwenye mwili. Mwili ulikuwa wa gitaa moja na shingo ilikuwa ya jingine. Maandishi ya kichwani yalikuwa yamefutika zamani.

Ndugu msomaji, habari ya skrubu hizo yafaa kuelezwa kwa kituo. Leo Fender, aliyezaliwa mwaka 1909 katika jimbo la California huko Marekani, alikuwa fundi redio. Alifungua duka lake la kutengeneza redio katika mji wa Fullerton mwaka 1938, na mwaka 1946 akaanzisha kampuni yenye jina lake. Ajabu ni kwamba hakujua kupiga gitaa. Alilitazama kama fundi anavyokitazama chombo kitakachorudi mezani kwake siku kikiharibika. Kwa hiyo gitaa lake la ubao mzima, lililotoka mwaka 1950 na kujulikana kwa jina la Telecaster tangu mwaka 1951, liliundwa kwa vipande vinavyoachana. Mwaka 1954 likafuata Stratocaster, ambalo umbo lake limeigwa na viwanda vingi duniani. Shingo ikipinda, hufunguliwa kwa bisibisi ikawekwa nyingine. Waya ukikatika, kibao cha mbele hufunuliwa ukalehemiwa. Hata rangi zake nyingi za zamani zilikuwa rangi za magari kutoka kampuni ya DuPont. Fundi wa Buyenzi anayepaka mlango wa gari asingeshindwa kulipaka gitaa hilo.

Askari ataelewa jambo hili upesi kuliko raia. Silaha nzuri ni ile inayofunguka, ikasafishwa, ikafungwa tena, na kipande chake kilichochakaa kikabadilishwa kwa kingine kutoka ghalani. Leo Fender aliliingiza wazo hilo katika muziki.

Tusiwadharau washindani wake. Gitaa la Gibson aina ya Les Paul, lililotoka mwaka 1952, ni chombo cha heshima, na sauti yake nene inapendwa na wengi. Lakini shingo yake imegandishwa kwa gundi, na kichwa chake kimeinamishwa kwa nyuma. Likianguka kutoka juu ya lori, aghalabu huvunjika hapo kichwa kinapoungana na shingo. Kichwa cha Fender kimekatwa sambamba na shingo, basi hustahimili zaidi. Kwa bendi inayosafiri katika barabara za milimani na kulala penye unyevu wa ziwa, hilo si jambo dogo.

Sababu ya pili ni sauti. Chini ya nyuzi za gitaa la umeme huwekwa sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mizunguko. Wanamuziki huziita pikapu. Uzi ukitetemeka, umeme mdogo huzaliwa katika waya huo na kupelekwa kwenye amplifaya. Pikapu ya Stratocaster ina mviringo mmoja wa waya, nayo hutoa sauti nyembamba na angavu. Nyingi za Gibson zina miviringo miwili, nazo hutoa sauti pana. Tena uzi wa Fender una urefu wa milimita 648, na ule wa Gibson kama 628. Uzi mrefu hukazwa zaidi ili kutoa sauti ile ile, kwa hiyo mlio wake huwa mkali kidogo.

Sasa fikiria bendi ya rumba, ambayo Bujumbura iliipokea kutoka Kongo, ng'ambo ya ziwa. Yupo mpiga solo, yupo wa rithimu, na katikati yao yupo wa mi-solo, mbali na besi. Magitaa matatu yanazungumza kwa wakati mmoja. Yote yakiwa na sauti nene, yatakanyagana kama watu watatu mlangoni. Sauti nyembamba humpa kila mmoja njia yake. Mzee wangu aliongeza kwamba sikio la Mrundi limelelewa na inanga, chombo cha nyuzi kinachopigwa taratibu huku mwimbaji akinong'ona. Sikio hilo, alisema, linataka kuhesabu kila uzi.

Wapigaji wenyewe waligundua zaidi ya alichokusudia mtengenezaji. Stratocaster ina pikapu tatu, na swichi yake ya kwanza ilikuwa na vituo vitatu tu. Wapigaji wakaona kwamba swichi ikikwamishwa katikati ya vituo viwili, pikapu mbili hulia pamoja kwa mlio mtamu. Kiwanda kilikuja kuweka swichi ya vituo vitano mwaka 1977, zaidi ya miaka 20 baada ya gitaa kutoka.

Kasoro nayo ipo. Pikapu ya mviringo mmoja hunasa mvumo wa umeme. Karibu na taa za mirija, au mahali ambapo waya wa ardhini haukufungwa, gitaa huvuma kama nyuki kabla hata halijapigwa. Pikapu ya miviringo miwili ilibuniwa ili kuondoa mvumo huo.

Lakini sababu iliyonigusa zaidi haimo katika sumaku. Vita vilipoanza nchini Burundi mwaka 1993, mzee huyo aliamua kuvuka na familia yake kwenda Kigoma. Kila mtu alibeba alichoweza. Gitaa zima lingeonekana, na lingeweza kunyang'anywa njiani. Usiku alifungua skrubu nne. Mwili aliufunga ndani ya blanketi la mtoto, na shingo akaiingiza katikati ya vitenge vya mkewe. Skrubu zenyewe mkewe alizifunga katika pindo la khanga, pamoja na fedha zilizobaki. Kambini alipata bisibisi kwa fundi baiskeli. Miaka ile ya ukimbizi, alisema, gitaa hilo lilipiga harusi nyingi, na harusi hizo ziliwanunulia watoto wake daftari na sabuni.

"Jina lilifutika njiani," alisema huku akipapasa kichwa cha gitaa. "Skrubu hazikufutika."

Kauli hiyo ndiyo iliyonipa jibu la dada yangu, nayo historia ya kampuni inaiunga mkono. Mwaka 1965 Leo Fender aliiuza kampuni yake kwa shirika la CBS kwa dola milioni 13 za Marekani. Jina halikubadilika, lakini mwaka 1971 shingo ya Stratocaster ilianza kufungwa kwa skrubu tatu badala ya nne, na wapigaji wengi wakalalamika kwamba inachezacheza. Skrubu nne zilirejeshwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1985 kampuni ilinunuliwa na baadhi ya wafanyakazi wake. Mwasisi mwenyewe wakati huo alikuwa akitengeneza magitaa mahali pengine, chini ya jina jingine, hata alipofariki mwaka 1991. Kwa hiyo jina lilikuwa huku, na mkono wa fundi ulikuwa kule.

Siku hizi yapo madukani magitaa ya bei nafuu yenye umbo hilo hilo na skrubu nne hizo hizo, yakiwa na majina mengine. Mengi yanafaa kwa mwanafunzi. Yapo pia yaliyobandikwa jina kubwa kwa udanganyifu, na hayo ndiyo yanayokula mabati ya watu.

Wasomaji wa makamo wanazikumbuka bendi za vikosi vyetu: Mwenge Jazz ya JWTZ, Kimulimuli ya JKT, Polisi Jazz na Magereza Jazz. Katika bendi hizo vyombo vilikuwa mali ya kikosi. Mpigaji alihamishwa kituo, na gitaa likabaki kumngoja mwingine. Chombo cha namna hiyo hakina budi kukubali mikono mingi na matengenezo mengi.

Basi mzazi anayetaka kumnunulia kijana gitaa, aende dukani pamoja na mtu anayelijua. Ailinganishe shingo na jicho kama anavyoutazama ubao wa mlango, aone kama imenyooka. Azikague skrubu za nyuma na mahali zilipoingia. Aligonge kila pikapu polepole kwa ncha ya bisibisi amplifaya ikiwa imewashwa, asikie kama inaitika. Aulize nyuzi na swichi zinapatikana wapi, na kwa bei gani. Maandishi ya kichwani na ayasome mwisho.