Neno Nililompa Baba

Huenda nawe, msomaji, umekwisha kuwaambia wazazi wako utakuwa nani ukubwani, na neno hilo sasa ni la nyumba nzima. Mimi nililitamka kwetu Kanja, katika nchi ya Embu, chini ya Mlima Kenya: nitasomea michezo ya kuigiza, niwe mwigizaji. Baba hakulipenda, lakini alilikubali, na tangu siku ile fedha za kahawa yetu zikawa karo yangu ya chuo huko Nairobi. Nawe wajua kahawa ilivyo: huchumwa kwa mkono ikiwa mbivu, hupelekwa kiwandani siku ile ile, na malipo yake hungojwa miezi mingi.

Katika mwaka wangu wa pili tulicheza Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969, mbele ya wanafunzi wa sekondari. Habari yake ni ya Vita vya Maji Maji, vilivyopiganwa Tanganyika kuanzia mwaka 1905 hadi 1907. Mimi nilikuwa askari tu, mwenye maneno machache, kwa hiyo nilipata nafasi ya kutazama. Mchezo ulipokwisha, mwalimu mmoja alisimama akawauliza wanafunzi kwa nini Kinjeketile, hata alipokuwa kifungoni, alikataa kusema kwamba maji yale yalikuwa uongo. Lo, mabishano yaliyozuka! Msichana mmoja alikaribia kulia. Nikasahau hata kuvua mavazi ya mchezo; nilikuwa nikimwonea wivu mwalimu yule, wala si mwigizaji mkuu.

Sikufichi, niliiweka siri hiyo tangu Juni hadi Desemba. Kinjeketile alikuwa na neno lililomshinda kulirudisha. Langu lilikuwa dogo, walakini baba alikuwa amelibeba mgongoni miaka miwili. Hatimaye nikamwambia shambani tulipokuwa tukichuma, kwa kuwa huko mtu aweza kusema bila kutazamwa usoni.

"Baba, nataka kuhamia masomo ya ualimu."

Akaendelea kuchuma tawi lile hata akalimaliza.

"Utapoteza muda gani?"

"Mwaka mmoja, Baba."

"Basi ni kahawa ya mwaka mmoja," akasema. Kisha akachungulia debe langu, ambamo nilikuwa nimechanganya mbichi na mbivu, akaniambia niichambue yote kabla hatujaenda kiwandani.