Mwanagenzi na Viwakilishi vya Kiigbo

Jedwali la viwakilishi nafsi vya Kiigbo ni fupi mno: mụ, gị, ya, anyị, unu, ha. Msemaji wa Kiswahili aanzaye kujifunza lugha hii ya kusini-mashariki mwa Nigeria hulikariri kwa siku moja, akadhani amekwisha kazi. Jinsia haimsumbui, maana ọ bịara ni "alikuja", awe mume au mke. Ngeli nazo hazipo. Ọ iyo hiyo humrejelea mtu, mbuzi hata mti. (Heshima pia haimo humu: unu ni ya watu wengi tu, na mzee mmoja haambiwi unu hata awe na mvi za namna gani.)

Jasho humtoka baadaye. Irabu nane za Kiigbo zimegawanyika makundi mawili, na viwakilishi vifupi vya kiima sharti vifuate kundi la kitenzi. Husemwa ọ bịara, lakini o riri nri, yaani "alikula chakula". Vitone vilivyo chini ya herufi, ambavyo tahajia ya Ọnwụ ya mwaka 1961 iliviidhinisha, si mapambo. Hata hivyo, anayesema "pigia" lakini "somea" anao uwiano wa irabu kinywani tangu utotoni, ingawa hajawahi kuuwaza.

Toni ni ngumu zaidi. Kiwakilishi kikitamkwa kwa toni ya juu, ọ́ bịara ni taarifa. Kikishushwa, ọ̀ bịara? ni swali. Aliyezoea kuuliza kwa kupandisha sauti mwishoni mwa sentensi hana budi kujifunza kuuliza mwanzoni, tena kwa kushusha.

Lakini uhondo wenyewe umo katika ya. Jedwali husema ni "yeye", na mifano ya awali huonyesha mtendwa tu: ahụrụ m ya, "nilimwona". Sasa chukua sentensi ya Kiswahili: "Alisema atalipa deni." Nani atalipa? Yamkini ni msemaji, yamkini ni nduguye. Msikilizaji huachiwa akisie kwa muktadha. Kiigbo hakimwachii. Ọ sịrị na ya ga-akwụ ụgwọ humfunga msemaji mwenyewe: yeye aliyesema ndiye atakayelipa. Ọ sịrị na ọ ga-akwụ ụgwọ humtwika mtu mwingine. Waingereza nao, kwa "he" na "she" zao zote, hawana njia fupi ya kutenganisha wanaume wawili katika kishazi kama hicho.

Kwa hiyo jedwali lile fupi humfichia mwanagenzi jambo zito kuliko yote. Kosa la irabu litachekwa na kusamehewa. Kosa la ya na ọ halichekwi, kwa sababu halisikiki kama kosa: sentensi hutoka safi, wasikilizaji huitikia kwa kichwa, na ndugu asiyekuwepo hubaki na deni ambalo hakuahidi kulilipa.