Utingo Asiyeonekana

Sisi tunaokaa bwenini hapa Sumbawanga twaijua mvua vizuri. Huanza mwezi Novemba na kuendelea mpaka Aprili, na mji wetu huu, uliopanda yapata meta 1,800 juu ya usawa wa bahari, hupata ukungu na baridi. Barabara kuu itokayo Tunduma imekwisha kuwekwa lami, kazi iliyosaidiwa na fedha za Marekani kwa mkataba uliotiwa sahihi mwaka 2008. Lakini wengi wetu hatukuzaliwa kando ya lami. Kwetu mimi ni bondeni, karibu na Ziwa Rukwa, chini ya hapa kwa meta zipatazo 1,000, na njia ya kushukia huko ina kona kali na tope. Basi habari ya gari kuteleza si ya vitabuni tu kwangu.

Kila mtu amemwona utingo. Lori lipandapo mlima wenye utelezi, yeye hufuata nyuma kwa miguu, kigingi mkononi. Gurudumu likianza kurudi nyuma, hukitupa kigingi chini yake. Dereva hamwoni, lakini humtegemea. Magari mengi ya siku hizi yana utingo wa pili, naye hukaa ndani ya mitambo.

Chombo hiki kilitiwa mara ya kwanza katika gari la Mercedes-Benz mwaka 1995, baada ya kutengenezwa kwa msaada wa kampuni ya Bosch ya Ujerumani. Mwaka 1997 gari dogo la Mercedes-Benz A-Class lilipinduka huko Sweden lilipokuwa likijaribiwa kukwepa ghafula kitu barabarani. Kampuni ikaamua kukitia chombo hicho katika magari yote ya aina hiyo. Tangu mwaka 2014 kila motokaa mpya iuzwayo katika nchi za Umoja wa Ulaya hapana budi iwe nacho.

Kazi yake ni hii. Kuna vipimo vidogo ambavyo mafundi huviita sensa. Kimoja hupima usukani umekatwa kiasi gani. Vingine hupima mwendo wa kila gurudumu. Kingine hupima jinsi gari lenyewe ligeukavyo. Kompyuta hulinganisha, mara 25 hivi katika sekunde moja: dereva ataka kwenda wapi, na gari laenda wapi? Mathalan, katika kona ya kushoto mkia wa gari ukianza kutupwa nje, kompyuta hufunga breki ya gurudumu la mbele la kulia peke yake, na gari hunyoka. Pua ikikataa kukata kona, hufunga breki ya gurudumu la nyuma la kushoto. Kadhalika hupunguza nguvu za injini. Dereva hawezi kufanya hivyo, kwani ana pedeli moja tu ya breki kwa magurudumu yote manne.

Yako na magari ambayo usukani wake husaidiwa na mota ya umeme. Fikiri magurudumu ya kushoto yametoka kwenye lami yakaingia katika tope, na dereva akakanyaga breki. Upande wa kulia hushika, wa kushoto huteleza, na gari huvutwa kulia, yaani kwenye njia ya magari yajayo. Hapo mota husukuma usukani kidogo kuelekea kushoto, ili mikono ya dereva ijue upande wa kukata.

Mjomba wangu ana gari dogo la abiria, lililotoka Japani likiwa limekwisha kutumika. Hupandisha watu na samaki kutoka bondeni. Mbele ya usukani palikuwa na taa ya njano, yenye picha ya gari linaloacha alama za kuteleza, nayo haikuzimika kamwe. Fundi mmoja akaibandika utepe mweusi, akasema imekwisha pona. Kwa muda mrefu abiria walipanda wasijue kitu.

Mwezi Aprili nilipokwenda likizo nilimwamkia, kisha nikamwuliza habari za ule utepe. Akacheka, akasema, "Mjomba, si unaona gari latembea?" Nikamjibu kwa adabu, "Latembea, mjomba, lakini taa yasema utingo hayupo." Nikamweleza pia tuliyofundishwa katika somo la fizikia juu ya msuguano: chombo hiki hakiongezi mshiko wa tairi, hugawa tu ule uliopo. Tairi likiwa kipara, hakina cha kugawa.

Hakunijibu siku ile. Juma lililofuata aliubandua utepe. Fedha zilitosha jambo moja tu, naye akanunua matairi manne, sensa ikangoja. Tangu hapo mvua ikinyesha hateremki mpaka njia ikauke, nyumbani wakinung'unika kwa nauli zinazopotea. Mimi naona alichagua vema. Mwenye kujua kwamba hana utingo huenda polepole. Aliyefunikiwa taa huenda kama anaye.

Wazazi wetu mnaonunua magari, fungueni swichi kabla ya kutoa fedha. Taa ile yapasa kuwaka kidogo, kisha kuzimika injini iwakapo. Isipozimika, chombo kina kasoro. Gari likiwa na chombo hicho na taa isiwake kabisa, yamkini mtu ameiziba au ameiondoa. Nanyi madereva, gari likiteleza shikeni usukani kuelekea mnakotaka kwenda, kwa maana utingo huyu hufuata mikono yenu. Sisi wa kidato cha nne tutamaliza mtihani mwezi Novemba, mvua ikianza, na wengi wetu tutashuka bondeni tukiwa na masanduku yetu, roho zetu mikononi mwenu.